Nani Aitike kwa Niaba ya Kalunde

Hapo zamani, zamani za majiko na mafiga, palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi mahali palipoitwa Luhindo. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishafika katikati sitaki kukatizwa.

Kila kiangazi, mvua zikishakatika, watu wa vijiji vya jirani walihamia Luhindo. Walijenga vibanda vya nyasi, wakapanga mafiga, wakateka maji ya chemchemi na kuyachemsha kutwa kwenye vyungu vipana mpaka maji yakaisha, ikabaki chumvi. Kila jiko lilikuwa na mwenyewe. Mwenye jiko alikula, akavaa, akaoza watoto wake. Asiye na jiko aliwatekea wenzake maji, akala walichombakishia.

Na ada ya Luhindo ilikuwa hii. Asubuhi, jua likishachomoza, Bibi Nyanzala, mlinzi wa chemchemi, alipanda juu ya jiwe akayaita majiko moja moja.

"Jiko la Milembe!"

"Linawaka!"

"Jiko la Kalunde!"

"Linawaka!"

Jiko lisiloitika lilipewa mtu mwingine. Waliamini kwamba ukimya huingia kwenye maji, chumvi ikatoka na uchungu. Mtu akiugua mwili, tuseme homa, au tumbo, au mguu, jirani aliruhusiwa kuitika kwa niaba yake mpaka apone. Lakini aliyeugua kichwa, yaani akili, haikuruhusiwa mtu kumwitikia. Huyo vyungu vyake vilivunjwa na jiko lake likazimwa. Msiniulize nani aliitunga ada hiyo. Watu wa Luhindo wenyewe hawakumjua, na labda ndiyo maana hawakuthubutu kuigusa.

Sasa, huyo Kalunde. Alikuwa na sauti, jamani! Akiitika, njiwa wa mbugani waliruka. Watu walimtania, "Kalunde, mwenzetu, tuko hapahapa, hatuko ng'ambo ya mlima." Naye alicheka, na kesho yake akaitika kwa nguvu zaidi. Alilipenda jiko lake. Alilirithi kwa mama yake, na mama yake alilirithi kwa bibi yake.

Kiangazi kimoja Kalunde alianza kuitika asipoitwa.

Alikuwa ameinama akikoroga chungu, mara akamsikia Bibi Nyanzala: "Jiko la Kalunde!" Akanyoosha mgongo, akaitika, "Linawaka!" Wenzake wakacheka wakidhani anatania. Alikuwa kibandani akisuka nywele, akasikia tena. Alikuwa anakula, akasikia tena. Sauti ilikuwa ya Bibi Nyanzala, haikupungua kitu. Kalunde aliogopa asipoitika atanyang'anywa jiko, kwa hiyo aliitika kila mara. Akaacha kulala, asije akaitwa usingizini.

Mumewe, Mihambo, alimuuliza, "Mke wangu, nani kakuita?"

"Bibi Nyanzala."

"Bibi Nyanzala yule pale, anapepeta mtama. Hata hajafungua mdomo."

"Kaniita, baba. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Najua mnatafuta sababu. Hata Mihambo aliitafuta. Lakini Kalunde hakufiwa, hakugombana na mtu, hakukanyaga kitu njiani, hakula cha mwiko. Aliugua tu, kama mtu anavyougua tumbo. Ila mtu akiugua tumbo tunamuuliza amekula nini, na akiugua kichwa tunauliza amemkosea nani.

Mihambo alimpenda mkewe, na mapenzi yake yakamfundisha uongo. Alimwingiza Kalunde kibandani, akafunga mlango kwa kamba kutoka nje, kisha akaenda kumwambia Bibi Nyanzala: "Mama, mke wangu amevimba koo. Hata maji hayapiti. Naomba Milembe, jirani yetu, amwitikie mpaka apone."

Koo! Ugonjwa wa heshima huo. Luhindo nzima ikamhurumia Kalunde. Huyu akaleta kibuyu cha asali, maana asali hulainisha koo. Yule akaleta asali nyingine. Waliomtania juu ya sauti yake ndio walioleta vibuyu vikubwa zaidi, huku wakisema, "Maskini, sauti ile!" Vibuyu vikajaa pembeni mwa kibanda, mpaka sisimizi wakajua njia.

Ndani, Mihambo alimwosha mkewe. Alimlisha kwa mkono wake. Shamba lake la mtama lililiwa na ndege, hakwenda kuwafukuza. Kalunde alijua hayo yote, tusije tukamwonea mwanamume wa watu. Lakini kila Kalunde aliposikia anaitwa na kufungua kinywa ili aitike, Mihambo alimziba kwa kiganja.

"Nyamaza, mke wangu. Nakuomba. Watakusikia."

Kiganja kilinukia asali. Kalunde aliona lile jibu limerudi ndani na limekwama kifuani, na nje anaendelea kuitwa. Jiko linakwenda, aliwaza, jiko la mama yangu linakwenda, na huyu ananiziba mdomo. Akalia. Halafu siku moja akaacha hata kulia, akageukia ukutani, akakataa uji.

Milembe, rafiki yake tangu utotoni, mwenye jiko la pili yake, ndiye aliyekuwa akiitika mara mbili kila asubuhi. "Jiko la Milembe!" "Linawaka!" "Jiko la Kalunde!" "Linawaka, anaumwa koo!" Alikwenda mara kwa mara kumtazama mgonjwa, na Mihambo akamzuia mlangoni akisema amelala. Adhuhuri moja Mihambo alipokwenda kutafuta kuni, Milembe alifungua kamba, akaingia. Akamkuta Kalunde amekonda, macho yamezama. Akampapasa shingo, haikuwa na uvimbe.

"Shoga yangu, una nini?"

"Ananiita," alisema Kalunde. "Wewe humsikii? Niitikie, Milembe. Mimi kinywa changu kimefungwa."

Milembe alimngoja Mihambo, akamwambia, "Shemeji, huyu haumwi koo. Tumtafutie tabibu."

"Ukimwita tabibu, watu watajua. Wakijua, jiko limekwenda."

"Na akifa?"

"Hafi. Ni koo." Akamfungia mlango usoni.

Kesho yake Bibi Nyanzala alipanda jiwe. "Jiko la Milembe!" "Linawaka!" "Jiko la Kalunde!"

Milembe alisimama mbele ya watu wote. "Mama, Kalunde haumwi koo. Anaumwa kichwani. Anasikia anaitwa asipoitwa. Amefungiwa ndani, hali chakula, na anakwisha. Mimi sitaitika uongo tena, naomba aletewe tabibu."

Mlikuwapo? Hamkuwapo. Basi ngojeni niwaambie. Watu wa Luhindo walikwenda kudai vibuyu vyao. Ndiyo, asali! Mmoja alisema, "Nilileta kwa ajili ya koo, sikuleta kwa ajili ya wazimu." Mwingine akasema, "Karogwa huyo, nilijua." Mwingine akasema, "Hajarogwa, ni damu ya ukoo wao. Mwanangu haoi pale." Mwingine akasema, "Anajifanya. Kachoka kukoroga." Mmoja aliyewahi kunywa maji kwa kata ya Kalunde akatema mate chini, akajipangusa midomo, kama kwamba akili za watu hupotelea kwenye kata. Mama mmoja aliwashika watoto wake akawarudisha nyuma, asije Kalunde akawarukia. Kalunde wa watu hata kusimama hakuweza.

Wakamtoa nje. Jua likampiga machoni. Akaona nyuso zote za watu anaowajua zikimtazama, na hakuna hata moja iliyomsalimu. Katika maisha yake yote Kalunde hakuwahi kuona aibu kama ile. Akamtafuta Milembe kwa macho. Milembe alikuwa ameketi karibu na jiko lake, anatazama chini.

Bibi Nyanzala alishika fimbo ya kuvunjia vyungu. Akaiinua.

"Linawaka!"

Watu wakageuka. Aliyeitika alikuwa Kapaya, mtekaji wa maji. Ndugu zangu, huyu Kapaya naye alikuwa na jiko zamani. Akaugua kichwa, vyungu vyake vikavunjwa. Akapona. Alipona muda mrefu kabla ya kisa hiki, akawa anateka maji na kula kilichobaki, lakini Luhindo haikukubali kwamba amepona. Akicheka, walisema lile la kichwani limempanda. Akikasirika kama mtu yeyote anavyokasirika, walisema limempanda. Akinyamaza, walisema linakuja.

"Kapaya," alisema Bibi Nyanzala, "aliyeugua kichwa haitikiwi na mtu."

"Na mimi mlishaniondoa kwenye watu, mama," alijibu Kapaya. "Hamjanialika harusini, hamjaniita mazikoni. Ada inakataza watu. Mimi inanikatazaje?"

Watu walicheka. "Kichaa amwitikie kichaa mwenzake, wanafaana!" Lakini Bibi Nyanzala hakucheka. Alifikiri, akatafuta ndani ya ada neno la kumjibu, hakulipata. Fimbo ikashuka bila kuvunja chungu.

Tabibu aliletwa, mwanamke wa ng'ambo ya mlima. Hakuuliza Kalunde kamkosea nani. Aliuliza analala kiasi gani, anakula nini, anasikia nini. Akampa dawa ya kuchemsha na kunywa kila siku, akasema, "Alale. Akae na watu. Asifungiwe. Na dawa asiiache kwa sababu ameanza kujisikia vizuri. Atapona. Huenda siku moja ikarudi, na ikirudi tutaitibu tena." Kisha akachukua mkoba wake akaenda zake, maana ng'ambo nako walikuwa na wagonjwa.

Kiangazi kikaendelea. Kapaya aliwasha jiko la Kalunde kila alfajiri, akateka, akakoroga, akaitika. Mihambo alichemsha dawa. Milembe alileta uji, na Mihambo aliupokea bila kumtazama. Kalunde alikaa karibu na moto akiwa amejifunika kaniki, na pole pole usingizi ukamrudia.

Siku moja alimuuliza Kapaya, "Kaka, wewe ulikuwa ukisikia?"

"Nilikuwa nikisikia, mdogo wangu. Mpaka leo, nikichoka sana, nasikia."

"Unafanyaje?"

"Namtazama Bibi Nyanzala mdomoni. Ukiwa umefumba, sijaitwa. Nainama naendelea na kazi."

Kalunde hakuwa amecheka tangu kiangazi kianze. Siku hiyo alicheka. Tangu hapo, kila aliposikia jina la jiko lake, alimtafuta Bibi Nyanzala kwa macho, akautazama mdomo. Umefumba. Umefumba. Unatafuna karanga, basi, ila hauiti. Moyo wake ukatulia kidogo kidogo.

Lakini Kapaya huyohuyo alimwambia jingine. Kalunde alilalamika kwamba dawa inamlegeza mwili, mwiko unamponyoka. Kapaya akasema, "Kama umeshapata nafuu, iache. Mimi yangu niliiacha, na niko hapa." Kwa wema alisema, maana hata yeye dawa ilimlegeza enzi zake. Kalunde akawa anaimwaga nyuma ya kibanda.

Haikuchukua muda. Adhuhuri moja, watu wako vyunguni, Kalunde alisikia anaitwa kutoka ndani ya chemchemi. Hakutazama mdomo wa mtu. Aliingia majini mpaka kiunoni, akaendelea kwenda mbele palipo na kina, akiitika, "Linawaka! Linawaka!" Watu walipiga kelele wakiwa ukingoni, na kila mmoja alimwambia mwenzake aende. Mihambo alijitosa na nguo zake, na kuogelea hajui. Alimshika mkewe nywele, akamvuta, wakatoka wote wawili wakitapika maji ya chumvi.

Kapaya alilia siku ile mbele ya watu, na safari hii hakuna aliyesema limempanda. Mihambo akarudi kuchemsha dawa. Kalunde akarudi kuinywa.

Na chumvi ya jiko la Kalunde, lililoitikiwa na Kapaya kiangazi kizima, ilitokaje? Ilitoka nyeupe, safi. Watu waliionja, wakaionja tena, wakitafuta uchungu. Wengine walisema ni bahati.

Mwisho wa kiangazi ikafika siku ya donge. Siku hiyo kila mwenye jiko huchukua ukoko wa kwanza wa chumvi yake, ule mgumu mweupe aliouweka tangu mwanzo, akampa mtu mmoja aliyelilinda jiko lake. Mtu mmoja tu. Donge halivunjwi. Aliyelipokea huwa ndugu wa jiko. Huketi hapo msimu ujao, na sauti yake huhesabiwa kuwa sauti ya mwenye jiko.

Bibi Nyanzala alipanda jiwe. "Watu wa Luhindo, nimeionja chumvi ya Kapaya. Nimeonja chumvi tangu nina meno yote, na hii haina uchungu. Basi tangu leo, hata aliyeugua kichwa ataitikiwa na ndugu wa jiko lake." Watu wakanung'unika. Akawaacha wanung'unike. "Kalunde, mwanangu, umesikia. Tabibu alisema maradhi huenda yakarudi. Utakayempa donge ndiye atakayeitika kwa niaba yako siku hizo. Atakachosema yeye, tutakichukua kuwa umesema wewe. Angalia unampa nani."

Mihambo akasogea mbele. "Nipe mimi, mke wangu. Nilikuosha, nikakulisha. Wote hawa walikuwa wakileta asali, kinyesi nilikiondoa mimi. Ningesema kweli siku ya kwanza, vyungu vingevunjwa siku ya kwanza, na Kapaya angekuwa chemchemini, hayupo wa kuitika. Nilikuficha kwa sababu niliwajua watu hawa. Je, niliwajua vibaya? Si mliona walivyodai vibuyu vyao? Na ulipokuwa majini, nani alikuja?"

Milembe akasogea. "Nipe mimi, shoga yangu. Kukufunga kamba si kukulinda. Ningeendelea kuitika, tungekuzika na koo zima na vibuyu vya asali pembeni. Mlango niliufungua mimi. Tabibu alikuja kwa ajili ya maneno yangu. Bila hayo Kapaya angemwitikia nani?"

"Ulisema kweli, kisha ukakaa chini," alisema Mihambo. "Fimbo ilipoinuliwa ulikuwa wapi?"

Milembe machozi yakamtoka. "Nina watoto, shemeji. Nina jiko moja. Niliogopa."

Kapaya alisogea mwisho, na hakufika mbele sana. "Mimi niliitika," alisema. "Walikuwa wameanza kunisahau, wananipita bila kunitukana, na nikaanza kuzoea raha hiyo. Nikaitika, wakanikumbuka tena. Aliyoyaona Kalunde mimi nimeyaona, hawa wawili hawajayaona. Lakini nilimwambia aache dawa. Hilo nalo ni langu, nalisema mwenyewe kabla hamjalisema."

Watu wakaanza kupiga kelele. "Mpe mumeo!" "Mpe Milembe, bila yeye ungekuwa kaburini!" "Kapaya huyo, kiangazi kizima huyo!" Na waliopiga kelele zaidi ni walewale wa vibuyu.

Kalunde alisimama na donge mkononi. Alimtazama Mihambo, akakumbuka nguo zake zilizolowa, akakumbuka na kiganja kinachonukia asali. Alimpenda, na alimwogopa. Alimtazama Milembe, akakumbuka mlango ulivyofunguka, akakumbuka na nyuso zile juani. Alimshukuru, na kidonda cha siku ile kilikuwa kibichi. Alimtazama Kapaya, ambaye alimfundisha kuutazama mdomo, na ambaye kwa neno lake moja chemchemi ilikaribia kummeza. Siku nitakapopotelewa tena na maneno yangu, aliwaza, nani nimwachie?

Ndipo akasikia, "Jiko la Kalunde!"

Akauinua uso haraka, akamtazama Bibi Nyanzala mdomoni. Mdomo ulikuwa wazi. Ameitwa kweli.

"Linawaka!" aliitika Kalunde kwa kinywa chake mwenyewe, na njiwa wa mbugani wakaruka. Kisha akanyoosha mkono wenye donge, na mmoja kati ya wale watatu akalipokea.

Mimi jina sikutajiwa. Aliyenisimulia aliishia hapo, akaniuliza kama ninavyowauliza nyinyi, na tangu siku hiyo kila nikipata jibu, baada ya muda nalibadilisha. Basi semeni nyinyi mliokaa hapa, na asiseme mtu kwamba yeye hayamfiki. Mihambo alimziba kinywa ili asipoteze jiko. Milembe alimsemea bila kumuuliza. Kapaya aliitika mahali pake, kisha akampotosha. Je, nani alistahili donge la Kalunde, na wewe, siku yako ikifika, ungemwachia nani aitike kwa niaba yako?